Kabla ya Kununua, Geuza Pakiti Usome

Mtu wa nyumbani akiambiwa ana ugonjwa wa sukari, kitu cha kwanza tunachoondoa ni sukari ya chai. Ni vizuri. Lakini mgonjwa wa sukari wa aina ya pili anaweza kunywa chai bila sukari, akala nayo pakiti nzima ya biskuti, na kipimo cha damu kikapanda vilevile. Sababu ni wanga. Wanga wa bugali, mkate, mchele na biskuti unageuka kuwa sukari ndani ya mwili, hata kama chakula chenyewe si kitamu mdomoni.

Maneno ya kutafuta

Vitu vya butike zetu vinatoka pande nyingi. Vingine vina maandishi ya Kifaransa. Vile vinavyotoka Uganda kwa njia ya Mahagi, Aru au Ziwa Albert vimeandikwa Kiingereza. Kwa Kifaransa tafuta neno "Glucides", kwa Kiingereza "Carbohydrate". Huo ni mstari wa wanga wote, pamoja na sukari. Chini yake utaona "dont sucres" au "of which sugars". Hiyo ni sehemu tu ya mstari wa juu. Usiisome peke yake, na usiijumlishe mara ya pili.

Mbele ya pakiti wakiandika "sans sucre ajouté", maana yake ni kwamba kiwanda hakikuongeza sukari. Unga wa ndani bado una wanga wake.

Angalia kipimo

Namba nyingi zinahesabiwa kwa gramu 100, si kwa pakiti nzima. Tuseme biskuti zako zina uzito wa gramu 50, na nyuma imeandikwa "Glucides 72 g" kwa gramu 100. Anayeimaliza pakiti amekula nusu ya 72, yaani gramu 36. Kijiko kidogo cha sukari ni karibu gramu 4. Basi pakiti hiyo ni sawa na vijiko 9.

Ukiona "par portion" au "per serving", uliza: portion moja ni kiasi gani? Pengine ni biskuti mbili tu.

Soda yenye gramu 11 kwa mililita 100 inaleta gramu 33 katika chupa ya mililita 300. Ni zaidi ya vijiko 8, na sukari ya kinywaji inaingia katika damu haraka sana.

Chakula cha soko hakina maandishi

Unga wa muhogo, unga wa mahindi na mchele mkavu, vyote vina zaidi ya gramu 70 za wanga katika gramu 100. Kuacha mchele na kula bugali nyingi hakusaidii. Kinachosaidia ni kupunguza kiasi. Nusu ya sahani iwe mboga kama lengalenga, sombe au kabichi. Robo iwe samaki, yai, nyama au maharagi. Robo iliyobaki iwe bugali, mchele au ndizi ya kupika. Tukizoea kula pamoja katika sahani moja, mgonjwa hajui amekula kiasi gani. Mpakulie sahani yake, lakini chakula kiwe kilekile cha nyumba nzima.

Usikate wanga ghafla

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze kwanza na muganga wa kituo cha afya kabla ya kupunguza chakula sana. Sukari ikishuka mno, anatetemeka, anatoka jasho, anasikia njaa kali au anachanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, mpe mara moja vijiko 4 vidogo vya sukari katika maji, kisha ale kidogo. Kama amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mkimbize kwa muganga.

Kwa mkutano wa kikundi

Kila mama alete pakiti moja tupu ya kitu anachonunua mara nyingi. Wanaojua Kifaransa au Kiingereza wawasomee wengine, na tufanye hesabu pamoja. Mama asiyejua kusoma akariri umbo la neno "Glucides", au amwombe mtoto wa shule amsomee namba. Ni kazi ya dakika moja pale butike, kabla ya kutoa pesa.