Damu ya Mtoto Aliyechelewa Kulia

Je, wajua kwamba ubongo wa mtoto mchanga unaweza kukosa hewa leo, ukaanza kufa kesho? Mtoto aliyezaliwa amechoka, kama wasemavyo wakunga, akishasaidiwa kupumua na rangi ikamrudia, kila mtu leba hushusha pumzi. Kwa takriban saa 6 seli zake za ubongo hujikongoja. Halafu mitokondria, zinazozalisha nishati ndani ya seli, huanza kuzimika upya, safari hii hewa ikiwa tele. Ndipo degedege huanza.

Saa hizo 6 ndizo zinazowaniwa. Katika nchi tajiri mtoto hupoozwa hadi nyuzijoto 33.5 kwa siku 3, mradi aanze kabla hazijapita. Lakini utafiti wa HELIX wa India, Sri Lanka na Bangladesh, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba huko waliopoozwa walikufa wengi kuliko wasiopoozwa. Kwa hiyo si busara kumpooza kila aliyechelewa kulia. Ni nani hasa aliyeumia? Daktari hutazama ulegevu wa viungo, unyonyaji na mboni za macho, kazi inayotaka jicho zoefu. Wengine wameamua kuiuliza damu.

Seli ikipasuka humwaga protini zake. GFAP hutoka katika seli zenye umbo la nyota zinazozihudumia seli za neva. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha kuipima, pamoja na protini nyingine, UCH-L1, kwa watu wazima walioumia kichwa. NSE hutoka katika seli za neva zenyewe, ila imo pia ndani ya chembe nyekundu za damu: muuguzi akihangaika kutafuta mshipa, chembe zikapasuka ndani ya sindano, kipimo kitasema ubongo umeumia kumbe ni sampuli. Laktati, ambayo si protini bali hutengenezwa seli zikikosa hewa, hupanda mapema sana, lakini hueleza habari za mwili mzima. NfL, ya nyuzi za neva, huaminika zaidi ila huja ikiwa imechelewa, baada ya siku kadhaa. Kwa maoni yangu, ugumu hauko katika kuchagua protini. Uko katika saa.

Na saa yenyewe ianze kuhesabiwa lini? Mama anayetoka Basotu wilayani Hanang, au bonde la Yaeda Chini wilayani Mbulu, huenda ameshikwa na uchungu tangu jana kabla hajaifikia Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, huko Mbulu mkoani Manyara, Tanzania. Mtoto wake anaweza kuwa alianza kukosa hewa njiani. Protini iliyokwisha kupanda katika damu ya kitovu ingedokeza hivyo, na dirisha la saa 6 lingekuwa limeanza kufungwa kabla hajazaliwa.

Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, inaijua saa kuliko hospitali nyingi. Kuanzia 2009 wasaidizi wa utafiti walikaa leba usiku na mchana wakiandika sekunde kati ya kuzaliwa na pumzi ya kwanza ya ambu bagi, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa. Matokeo ya 2012 yalisema kila sekunde 30 za kuchelewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu. Mafunzo ya timu nzima yaliyokuja baadaye yalienea hadi vituo 30 katika mikoa 5, Manyara ukiwamo; ripoti ya 2025 ilionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na muda mfupi baadaye vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Hakuna protini iliyohitajika hapo.

Kipimo cha ubongo kitakachofaa Mbulu kitalazimika kutumia matone machache, kutoa jibu mtoto akiwa bado ndani ya saa zake, na kustahimili umeme unaokatika. Hata kikichelewa kitafaa kuonyesha nani afuatiliwe kwa hofu ya mtindio wa ubongo, aanzishiwe mazoezi mapema. Wakati huohuo, tone moja la damu ya kisigino linatosha kupima sukari, na sukari ikishuka kwa mtoto aliyekosa hewa, ubongo huumia zaidi. Kipimo hicho hutoa jibu ndani ya dakika moja.