Theluji isipoanguka, nani anabeba hasara?

MINNESOTA, jimbo la kaskazini mwa Marekani linalopakana na Canada, lina biashara moja ambayo watu hukubaliana bei kabla kazi yenyewe haijaonekana. Kila Oktoba, miti ikipukutisha majani, wenye nyumba huanza kutafuta mtu wa kuwaondolea theluji kwenye njia ya gari, kutoka barabarani hadi mlangoni, mpaka majira ya baridi yaishe. Anayetoa huduma hupanga bei bila kujua kama ataitwa mara tano au mara thelathini.

Kwa wafanyabiashara wa Namanga, Busia au Rusumo, hesabu hiyo si ngeni. Mwenye lori naye hukubali bei ya safari bila kujua kama atavuka mpaka siku hiyo hiyo au atalala foleni wiki nzima. Na kwa kuwa Minnesota ina jamii kubwa ya Wasomali, pamoja na Wakenya na Wakongo, zipo familia za Afrika Mashariki ambazo kipato cha ndugu yao huko hupanda na kushuka na hali ya hewa.

Mtaji wa kuanzia

Wenye mtaji mkubwa hutumia magari aina ya pikapu yenye plau mbele. Anayeanza kidogo huingia na pikipiki ya magurudumu manne, ile inayoonekana Diani, Nungwi na Jinja ikizungusha watalii. Minnesota inazijua vizuri mashine hizi. Kampuni ya Polaris ilianzia mwaka 1954 katika mji mdogo wa Roseau, karibu na mpaka wa Canada. Ilijijengea jina kwa magari ya kuteleza juu ya theluji, kisha mwaka 1985 ikaingia katika pikipiki za magurudumu manne.

Plau yake ni bapa la chuma lililopinda kama la greda, lenye upana wa takriban mita 1.5. Hufungwa kwenye fremu inayopita chini ya mashine ili nguvu ya kusukuma ibebwe na chasisi. Winchi ya umeme iliyo mbele hulinyanyua na kulishusha. Bapa likigonga jiwe au ukingo wa saruji, springi huliachia lilale mbele badala ya kuvunjika.

Wazoefu huongeza vitu vitatu: minyororo ya tairi, mzigo nyuma ili magurudumu yashike, na kamba ya sintetiki badala ya waya wa winchi, kwa sababu kupanda na kushuka mara mamia huuchosha waya haraka. Betri nayo huangaliwa mapema. Baridi huipunguzia nguvu, na winchi na taa hula umeme kwa pamoja.

Faida ya mashine huonekana kwenye uzito. Njia ya gari yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 3, ikifunikwa kwa theluji ya sentimita 15, hubeba mita za ujazo 9. Theluji kavu ya kilo 100 kwa mita moja ya ujazo hufanya jumla ya kilo 900. Ikiwa imelowa na kufika kilo 300, mzigo ni tani 2.7. Mtu mwenye beleshi huinua uzito huo wote kwa mikono, na ndiyo sababu madaktari wa moyo Marekani hutoa tahadhari kila msimu kuhusu kazi hiyo.

Kosa la Novemba hulipiwa Januari

Kanuni ya kwanza ni kutosubiri dhoruba iishe. Anayesafisha kila baada ya sentimita chache husukuma mzigo mwepesi mara kadhaa. Anayesubiri asubuhi hukuta ukuta unaoitelezesha mashine pembeni.

Kanuni ya pili ni kusukuma rundo la kwanza la msimu mbali kabisa na njia. Rundo hilo huganda na kuwa gumu kama mwamba, na halitasogea tena. Aliyeliacha karibu mwezi Novemba hukosa pa kuweka theluji ya Januari, na njia huzidi kuwa nyembamba kila wiki. Vigingi vya kuonyesha kingo za njia huchomekwa mapema, kabla ardhi haijaganda. Kwenye njia ya kokoto, bapa huinuliwa kidogo ili lisiondoke na kokoto za mteja.

Kisha kuna sheria. Minnesota inakataza kusukuma theluji na kuiacha kwenye barabara ya umma, hata kama ndiyo njia rahisi kuliko zote. Katika miji mingi, pikipiki hizi haziendeshwi ovyo barabarani, kwa hiyo trela la kuzisafirishia linaingia kwenye mtaji. Bima ya kawaida ya nyumbani kwa kawaida hailipii uharibifu uliotokea mtu akifanya kazi ya malipo. Bila bima ya biashara, kisanduku cha barua kilichovunjwa au mteja aliyeteleza huweza kula faida ya msimu mzima.

Kwa safari au kwa msimu?

Hapo ndipo pesa zinapopatikana au kupotea. Mapatano makuu ni mawili: mteja alipe kila anapohudumiwa, au alipe kiasi kimoja kwa msimu mzima.

Tuseme fundi ana wateja 15, na bei ni dola 40 kwa safari au dola 600 kwa msimu. Theluji ikihitaji safari 25, malipo ya kila safari yatampa dola 15,000, na ya msimu dola 9,000 tu, huku mafuta na vipuri vya safari zote 25 vikiwa juu yake. Theluji ikianguka mara tano, aliyelipwa kwa safari atapata dola 3,000. Wa msimu atabaki na dola 9,000 zake.

Mifano ya kweli ipo karibu. Katika msimu wa 2022 hadi 2023, Minneapolis ilipata zaidi ya mita 2 za theluji, na mji wa Duluth ukavunja rekodi yake kwa sentimita 356. Msimu uliofuata Minnesota ilipata majira ya baridi yenye joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa, na Minneapolis haikufikisha hata mita 1. Ilipofika Februari 2024, serikali ya shirikisho ilikuwa imefungua mikopo ya riba nafuu kwa biashara zilizoumia kwa kukosa theluji. Mikopo hiyo nayo ni deni la kulipwa, tena na mtu ambaye huenda bado anadaiwa mashine na plau.

Kwa hiyo wajanja hugawa wateja. Baadhi hulipa kwa msimu ili gharama za lazima zilipwe hata anga likiwa kavu, na wengine hulipa kwa safari ili dhoruba nyingi zilete faida. Mkataba wa msimu huwekewa kikomo, kwa mfano safari 15, na zinazozidi hulipiwa moja moja. Huandikwa pia theluji ifike sentimita ngapi ndipo mashine ije, chumvi italipwa na nani, na nani ataondoa tuta zito ambalo magari ya manispaa huliacha mdomoni mwa njia baada ya mtaa kusafishwa. Tuta hilo ndilo huzua ugomvi mwingi, na kuliandika huchukua mstari mmoja.

Ndugu akipiga simu kutoka Minneapolis mwezi Februari kusema biashara imelala kwa sababu hakuna theluji, huenda anasema kweli kabisa. Kabla ya kumlaumu au kumtumia mtaji mwingine, aulizwe kwanza: Oktoba mlikubaliana kwa safari, au kwa msimu?