Hazina ya Dharura Haizibui Mtaro

Kila msimu wa mvua unapokaribia, kuna swali linalonifuata kwenye vikao vya bajeti: kaunti yetu ina Hazina ya Dharura, mbona mitaro bado imeziba? Jibu limo ndani ya sheria yenyewe.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti huduma za zimamoto na kazi ya kukabiliana na majanga. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ikaziruhusu kuanzisha hazina ya dharura. Malipo yake kwa mwaka hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti, kwa mujibu wa hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Waziri wa fedha wa kaunti anaweza kulipa kwanza, kisha akaomba idhini ya bunge la kaunti ndani ya miezi miwili. Ni utaratibu mzuri. Aliyelala nje na watoto hawezi kungoja wawakilishi wadi wamalize mjadala ndipo apewe blanketi.

Lakini sheria inataka hitaji hilo liwe la haraka na lisilotarajiwa. Basi mwulize mkulima wa Garsen kama mafuriko ya Mto Tana hayatarajiwi! Atakuonyesha maji yalipofika mara iliyopita na mara ya kabla yake. Kununua boti, kuwafunza vijana uokoaji, kuzibua mitaro: kazi hizi zote zinajulikana mapema, kwa hiyo hazina haiwezi kuzigharimia. Iliwekwa kwa ajili ya kutibu jeraha.

Fedha za kujiandaa basi hutoka kwenye bajeti ya kawaida au kwenye ruzuku zenye masharti, ambazo kifungu cha 202 cha Katiba kinaziruhusu. Ninayoithamini zaidi ni ile ya mpango wa kugharimia hatua za tabianchi zinazoongozwa na jamii, unaojulikana kama FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na wahisani wengine, Ujerumani ikiwemo. Ili kuipata, kaunti lazima iwe na sheria ya hazina ya mabadiliko ya tabianchi, iunde kamati za wadi, na itenge fedha zake yenyewe. Makueni ilikuwa imeanza njia hiyo tangu 2015. Wapo wanaoyalalamikia masharti hayo. Mimi nayatetea, kwa sababu lambo lililochimbwa kwa fedha hizo linaweza kujaa mchanga, lakini kamati iliyozoea kukaa chini na kuamua lambo lichimbwe wapi itabaki hata ruzuku ikikoma.

Kwa upande wa ukame tumepiga hatua zaidi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hufuatilia kaunti 23 kame na nusu kame: hali ya malisho kwa picha za setilaiti, bei ya mbuzi sokoni, umbali wa kuteka maji. Katika baadhi ya kaunti hizo, malisho yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kaya zaidi ya zile zinazosaidiwa kila mara hutumiwa fedha ili zijikimu kabla mifugo haijaanza kufa. Kipimo huwekwa mapema, kabla presha haijapanda.

Mafuriko hayana mpango wa namna hiyo uliokita mizizi, na hili linaniuma. Mwishoni mwa Aprili 2024, maji yalishuka usiku Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Wizara ya Maji ilieleza kwamba yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia yake ya chini ilizibwa na matawi, mawe na udongo.

Kwa hiyo ukialikwa kutoa maoni kuhusu bajeti, usiishie kuuliza Hazina ya Dharura ina kiasi gani. Fungua ukurasa wa idara ya majanga na ule wa barabara, utafute fedha za kusafisha mitaro na makalvati, uziandike. Bajeti ya ziada ikija, linganisha. Katika nilizosoma, fungu hilo huwa miongoni mwa ya kwanza kupunguzwa, hasa mwaka ambao mvua ilichelewa.