Amana Yenye Miguu Minne: Biashara ya Kulea Mbwa Mwenyewe Akiwa Safarini

Biashara ya kulea mbwa ambaye mwenyewe amesafiri ni tawi la sekta ya huduma ambalo huko Uingereza na Marekani limekomaa hadi kuwa na sheria zake, madalali wake, bima zake na misimu yake ya bei kupanda na kushuka, ingawa kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kumwona mbwa akibaki getini na mlinzi, huenda likaonekana kuwa anasa ya watu walioshiba. Idadi peke yake inatosha kuitikisa dhana hiyo, kwa kuwa Uingereza ina mbwa zaidi ya milioni 10 na Marekani ina karibu milioni 90, na walio wengi kati yao huishi ndani ya nyumba ambazo, familia ikisafiri, hazibaki na mtu. Kinachouzwa katika soko hili si chakula wala mahali pa kulala, maana chakula mara nyingi huletwa na mteja mwenyewe, kimepimwa na kufungwa katika vifuko vilivyoandikwa siku. Kinachouzwa ni amana, yaani ahadi ya kumtunza kiumbe ambaye hawezi kusimulia alivyotendewa, na sehemu kubwa ya gharama za biashara hii husomeka vizuri zaidi zikitazamwa kuwa ni bei ya ahadi hiyo.

Wanauchumi huliita tatizo la namna hii pengo la taarifa, hali ambayo muuzaji anaijua bidhaa yake na mnunuzi haijui. George Akerlof, katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alionyesha kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na gari bovu hukubali kulipa bei ya katikati tu, na kwa sababu hiyo wenye magari mazima hujitoa sokoni wakabaki wenye mabovu. Soko la kulea mbwa ni gumu zaidi kuliko hilo la magari, kwa kuwa aliyeuziwa gari bovu hugundua baada ya wiki mbili barabarani, ilhali mwenye mbwa hurudishiwa mnyama anayerukaruka kwa furaha, aliyepungua uzito kidogo, na hana njia ya kujua kama kupungua huko kulitokana na upweke, ambao huwatokea hata mbwa waliotunzwa vizuri, au kulitokana na sahani iliyokuwa ikifika nusu.

Urefu wa likizo ndio unaoligeuza tatizo hili kuwa biashara. Kwa safari ya siku mbili jirani hutosha, na malipo yake huwa zawadi ndogo kutoka uwanja wa ndege. Kwa safari ya wiki nne au sita, ambayo ndiyo desturi ya Waafrika Mashariki waishio Ulaya na Amerika wanapokwenda nyumbani mwezi Julai au Desemba, wema wa jirani huchoka kabla likizo haijaisha. Njia inayoonekana rahisi, ya kumpandisha mbwa ndege pamoja na familia, imezibwa na sheria za kuzuia kichaa cha mbwa, na inafaa kuzitazama kwa makini, kwa sababu ndizo zinazowaletea wenye mabanda sehemu ya wateja wao bila tangazo lolote.

Uingereza iliweka kwa muda mrefu karantini ya miezi 6 kwa mbwa aingiaye nchini, utaratibu uliolegezwa mwaka 2000 kwa kuanzishwa mpango wa hati za usafiri wa wanyama. Hata hivyo Kenya, Tanzania na majirani zao hawamo katika orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia kwa masharti mepesi, kwa hiyo mbwa atokaye huko sharti awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, awe amechanjwa, damu yake ipimwe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha asubiri miezi 3 tangu damu ilipotolewa, isipokuwa kama vipimo vilikamilika na kuandikwa kwenye hati zake kabla hajaondoka Uingereza. Juu ya hayo hupewa dawa ya minyoo ya tegu kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuwasili. Marekani nayo, tangu tarehe 1 Agosti 2024, humtaka kila mbwa aingiaye awe ametimiza miezi 6 na awe na chipu, na kwa nchi zinazohesabiwa kuwa na hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, mbwa aliyechanjwa Marekani hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo kilichoidhinishwa na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo kabla ya safari. Familia inayokwenda Moshi au Kisumu kwa mwezi mmoja ikishalinganisha nauli ya mizigo, sanduku la kusafirishia, daktari na usumbufu wa makaratasi hayo, huona kwamba kumwacha mbwa ndiyo njia nafuu, hata kama unafuu wenyewe una maumivu yake.

Aina kongwe ya huduma ni banda la kulipia, yaani jengo lenye vyumba vya mbwa, kila kimoja kikiwa na mahali pa kulala na uwanja mdogo wa kujinyoosha. Mabanda mengi ya Uingereza yako pembezoni mwa miji, kwa sababu kelele za mbwa 40 hazipatani na majirani wala na idara za mipango miji. Anayefika saa moja asubuhi hukuta sakafu ya saruji ikisuguliwa kwa dawa ya kuua vijidudu, na juu ya kila mlango kadi iliyoandikwa jina la mbwa, kipimo cha chakula, dawa zake, daktari wake na maonyo kama vile asichanganywe na madume wengine. Kitandani mara nyingi huwamo fulana ya mwenyewe, ambayo wafanyakazi huomba iletwe bila kufuliwa, kwa kuwa harufu humtuliza mbwa katika siku za kwanza, ambazo ndizo ngumu.

Nchini England shughuli hii huendeshwa chini ya kanuni za ustawi wa wanyama zilizoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2018, zikichukua nafasi ya sheria ya mwaka 1963. Halmashauri ya eneo humkagua mwombaji, humpa nyota kuanzia 1 hadi 5, na muda wa leseni hufuata nyota hizo: mwenye nyota 5 hupata miaka 3, mwenye nyota 1 hupata mwaka mmoja na hulipia ukaguzi upya kila mwaka. Biashara mpya, kwa kukosa historia ya kutii masharti, huhesabiwa moja kwa moja kuwa katika kundi la hatari kubwa zaidi, hivyo haiwezi kufikia nyota 5 hata ikijengwa kwa marumaru. Kwa mtazamo wa Akerlof utaratibu huu una mantiki nzuri, kwa sababu dola huziba pengo la taarifa kwa kumkagulia mnunuzi kile asichoweza kukikagua. Lakini pia huwapa waliotangulia ukuta wa kuwakinga na wanaokuja nyuma, jambo ambalo wenye mabanda wanaolalamikia urasimu huwa hawalitaji.

Leseni hutaja idadi ya juu ya mbwa, na hapo ndipo ulipo mgogoro wa kibiashara wa banda. Vyumba haviongezeki Agosti wala havipungui Februari, wakati mahitaji hufurika katika likizo za shule na Krismasi kisha hukauka; kwa hiyo mmiliki hulazimika kupata mapato ya mwaka mzima katika majuma machache, na ndiyo maana hutoza zaidi siku za sikukuu, hudai malipo ya awali yasiyorudishwa, na huhesabu siku ya kuleta na siku ya kuchukua kuwa siku kamili. Kwa banda linalotoza paundi 25 kwa usiku, kiwango kisicho cha ajabu nje ya London, likizo ya usiku 28 hugharimu paundi 700, na familia yenye mbwa wawili huweza kukuta gharama hiyo ikikaribia au kuipita nauli ya mtu mmoja kwenda Dar es Salaam na kurudi. Likizo ndefu hupendwa na wenye mabanda katika miezi mikavu, na hupewa punguzo. Katika msimu wa juu huchukiwa kimyakimya, kwa kuwa chumba kilichoshikwa mwezi mzima kwa bei ya punguzo kingeweza kuuzwa mara tatu kwa bei kamili.

Kuhusu maradhi, inatosha kusema kwamba banda moja ni kama darasa la chekechea: mbwa mmoja mwenye kikohozi cha kuambukiza huweza kufunga jengo zima, na kwa hiyo chanjo hudaiwa na tarehe zake hukaguliwa mlangoni, gharama ikibebwa na mteja.

Wapinzani wa banda wametoka kwenye simu. Rover, jukwaa la mtandaoni lililoanzishwa Seattle mwaka 2011, huwakutanisha wenye mbwa na watu wa kawaida wanaowalea majumbani mwao. Liliungana na DogVacay mwaka 2017, likaingia soko la hisa mwaka 2021, kisha likanunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Blackstone katika mkataba wa takriban dola bilioni 2.3 uliotangazwa Novemba 2023 na kukamilishwa mapema mwaka uliofuata. Mshindani wake Wag, aliyepokea dola milioni 300 kutoka SoftBank mwaka 2018, alikuwa na mwisho tofauti, kwani mwekezaji huyo alijiondoa mwaka 2019, na Julai 2025 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Tofauti hiyo ina mafunzo: Wag ilijengwa zaidi juu ya matembezi ya nusu saa, yenye faida ndogo na wateja wa kuhamahama, na Rover juu ya malazi ya usiku, ambayo huhitaji imani kubwa na hulipa kulingana nayo.

Kwa lugha ya sokoni, jukwaa ni dalali, na ugonjwa wake ni ule ule wa madalali wote, yaani kurukwa. Rover hukata karibu asilimia 20 ya malipo ya mlezi. Mbwa akilelewa usiku 28 kwa dola 50, mlezi hupoteza dola 280, na baada ya likizo ya kwanza mwenye mbwa na mlezi, ambao wamekwisha kujuana na kubadilishana picha kila jioni, hawaoni sababu ya kumlipa mtu wa tatu kwa utambulisho uliofanyika mwaka jana. Jukwaa hujikinga kwa kutoa ulinzi wa gharama za daktari kwa kazi zilizopitia kwake pekee, na kwa kumfanya mlezi ategemee maoni ya wateja yaliyohifadhiwa humo. Kwa maneno mengine, sifa njema ya mlezi huwa mali ya dalali. Picha za kila jioni nazo si mapambo, bali ni ushahidi unaotolewa kwa mafungu, na mlezi anayechelewa kuzituma hupata ujumbe wa wasiwasi kutoka kwa mtu aliyeko ufukweni Diani.

Ipo pia njia ya kubadilishana bila fedha, ambayo TrustedHousesitters, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2010, imeifanya biashara kwa kutoza ada ya uanachama: mgeni hulala bure nyumbani kwa mwenye mbwa, naye humtunza mbwa. Penye hoteli ghali mpango huu hufaa kila upande, ila sheria za uhamiaji za nchi kadhaa huweza kuuhesabu kuwa ni kazi, na mgeni wa viza ya utalii hufanya vema kulijua hilo mapema.

Jijini Nairobi na Dar es Salaam soko hili ni dogo, na sababu yake si mapenzi haba kwa mbwa, bali ni kwamba nyumba yenye mbwa kwa kawaida ina mlinzi au msaidizi ambaye mshahara wake unaendelea mwenye nyumba akiwa hayupo, kwa hiyo gharama ya ziada ya kumlea mbwa ni unga, nyama na maagizo. Wateja wa mabanda ya kulipia ni wageni wanaofanya kazi katika mashirika na balozi, na sasa wakazi wa maghorofa, ambako mlinzi ni wa jengo zima na hana ufunguo wa mtu.

Likizo ndefu ina hatari moja ambayo safari fupi haina, nayo ni kurefuka. Msiba hutokea, viza hukwama, ndege hufutwa, na mbwa aliyepaswa kuchukuliwa Jumapili hubaki bandani, pengine katika chumba alichokwisha kuahidiwa mwingine. Sheria ya California humhesabu mnyama kuwa ametelekezwa siku 14 baada ya tarehe aliyotakiwa kuchukuliwa, na humtaka mwenye banda amtafutie mwenyewe mpya kwa angalau siku 10. Mikataba ya mabanda mahali pengine huweka masharti yanayofanana na hayo. Ndiyo sababu fomu ya kupokelea mbwa, baada ya chanjo, chakula na kiasi cha juu cha matibabu yaliyoidhinishwa, huuliza jina la mtu wa pili anayeishi karibu, mwenye idhini ya kulipa na kumchukua mbwa. Na kwa familia iliyohamia ugenini karibuni, mstari huo mara nyingi ndio unaojazwa mwisho.