Mlio wa Kipunji na Hesabu ya Mawimbi

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua tangu zamani. Mwanzoni mwa mwaka 2003, watafiti waliokuwa wakihoji wanakijiji kandokando ya Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, waliambiwa kwamba msituni yumo kima mwenye haya, kipunji, nao watafiti hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au wa kwenye ngano. Desemba ya mwaka huohuo walimwona vizuri. Julai 2004, watafiti wengine wakamkuta kima huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, juu ya kijiji cha Udekwa wilayani Kilolo, mkoani Iringa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Rungwe. Mei 2005 jarida la Science likamtangaza kwa ulimwengu.

Wakati huo hapakuwa na ngozi wala fuvu lake katika makumbusho yoyote. Ushahidi ulikuwa picha na sauti. Kima waliodhaniwa kuwa jamaa zake wa karibu hutoa mlio mrefu wa kuguruma unaosikika mbali msituni. Kipunji hana mlio huo. Dume lake hutoa sauti nzito, kama honi iliyochanganyika na kubweka. Katika misitu ile, ambako ukungu wa asubuhi humnyima mtu kuona hata mti wa kumi, sikio hutangulia jicho.

Sikio la leo, hata hivyo, lina msaidizi. Sauti ni msukumo wa hewa. Kipaza sauti huugeuza msukumo huo kuwa umeme, na kompyuta huupima umeme huo mara maelfu kwa sekunde, ikiandika kila kipimo kama namba. Kanuni yake ni moja: pima angalau mara mbili ya masafa ya juu kabisa unayotaka kuyanasa. Mtandao wa simu wa kawaida hupima mara 8,000 kwa sekunde, hivyo kila kilicho juu ya hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde, hupotea. Humo ndimo zinamokaa tofauti za S na F. Ndiyo maana tukitaja jina kwa simu tunalazimika kusema, "S ya samaki, siyo F ya fisi."

Namba hizo peke yake hazisemi kitu. Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu mwendo wa joto, alionyesha kwamba wimbi lolote, hata liwe limesokotana vipi, laweza kugawanywa kuwa mawimbi mepesi yaliyojumlishwa. Mwalimu wa kwaya pale Iringa hufanya kazi hiyo kila Jumamosi jioni: waimbaji arobaini wanapaza sauti kwa pamoja, naye anasikia besi peke yake, tenori peke yake, na anajua nani katoka nje ya sauti. Fourier aliipa kazi ya mwalimu huyo hesabu yake. Mlio wa kipunji ukipitishwa humo hutoka kama picha: muda ukienda kulia, masafa yakipanda juu, na kila mnyama akiacha mchoro wake.

Tatizo lilikuwa wingi wa hesabu. Dakika mbili za sauti ya simu ni karibu vipimo milioni 1. Kwa njia ya kawaida, kuvichambua vyote kunataka kuzidisha kama mara trilioni 1. Mashine inayofanya hesabu milioni 1 kwa sekunde ingekesha siku 11 na ushee. Mwaka 1965 Wamarekani James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya mkato inayogawa kazi nusu kwa nusu, kisha nusu za nusu. Kazi ileile ikashuka hadi hesabu milioni 20 hivi, yaani sekunde 20. Bila mkato huo, mengi tuliyoyazoea kwenye simu, redio na picha za hospitali yangekwama.

Msukumo wa kazi hiyo ulitoka kwenye mitetemo ya ardhi. Marekani ilitaka kutambua majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Kisovieti kwa kusikiliza vipima tetemeko kutoka mbali, na kutofautisha bomu na tetemeko kulihitaji hesabu za haraka. Tangu hapo njia hiyo imefanya kazi nyingi za amani, na mojawapo imefanyika Mbeya.

Mbeya imekaa pale ambapo matawi matatu ya Bonde la Ufa hukutana: la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Volkano ya Kyejo ilimwaga lava takriban miaka 200 iliyopita. Desemba 2009 matetemeko mfululizo yaliipiga Karonga, nchini Malawi, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Kyela. Kati ya mwaka 2013 na 2015, wanasayansi wa Tanzania, Malawi na Marekani walitega vipima tetemeko kuzunguka Rungwe na kaskazini mwa ziwa, vingine chini kabisa ya maji. Hawakusubiri matetemeko tu. Walichukua pia mnong'ono usiokoma wa ardhi, unaotokana hasa na mawimbi ya bahari za mbali, wakalinganisha kituo kwa kituo, na kutoka humo wakapata picha ya miamba ya chini. Chini ya Rungwe mawimbi hupita polepole, jambo linaloendana na mwamba wenye joto kali.

Mnong'ono ule, kwa miaka mingi, ulikuwa ukichujwa na kutupwa kama kelele. Hapa ndipo ninapoliona suala zima la uchakataji wa mawimbi. Kila chujio lina mtu aliyeamua kipi ni ujumbe na kipi ni kelele. Zamani uamuzi huo uliandikwa kwa fomula. Sasa unazidi kuachiwa mashine zinazojifunza kwa mifano: simu huondoa makelele ya soko la Mwanjelwa jijini Mbeya ili mwenye viazi asikike Dar es Salaam, na programu hutambua ndege kwa mlio. Lakini mashine hujua ilichosikilizishwa. Iliyofunzwa kwa misitu ya Ulaya itamweka kipunji kapu moja na upepo. Iliyofunzwa kwa Kiingereza haitajua kwamba katika Kihehe kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno.

Kwa hiyo sehemu ngumu ya kazi inayokuja ni kurekodi na kutaja majina, na hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyejua mahali. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta kipunji 1,117 duniani kote, wa Ndundulu wakiwa hawafiki 100. Vinasa sauti vilivyofungwa mitini vingeweza kusikiliza usiku na mchana pasipo kumtisha hata mmoja, endapo kuna mtu wa Udekwa, au wa Tukuyu karibu na Rungwe, wa kusema: huyu ni yeye, na yule ni mbega.

Walimu wa fizikia wa Rungwe na Kilolo, programu ya Audacity haiuzwi, na huchora picha ya sauti kwenye kompyuta ya kawaida ya shule. Wapeni wanafunzi simu wakarekodi vyura, mvua ya mabati na bibi zao wakiongea. Kisha waandike kila sauti jina lake, kwa lugha ya nyumbani.