Dharura Haifuati Foleni: Yanayofaa Kujulikana na Kila Mkazi Kuhusu Idara ya Dharura

Mkazi wa Nchiru aliyejikata kidole kwa panga anaweza kufika hospitalini, aketi kwenye benchi, kisha aone mgonjwa aliyeletwa baada yake akipitishwa moja kwa moja ndani. Baada ya dakika chache anapita mama aliyebeba mtoto anayehema kwa shida. Aliyetangulia huanza kunung'unika kwamba kuna upendeleo. Mara nyingi upendeleo haupo. Idara ya dharura haihudumii watu kwa kufuata foleni kama benki. Anayetangulia kutibiwa ni yule ambaye maisha yake yamo hatarini zaidi, hata akiwa ndiye aliyefika wa mwisho.

Ni vyema wakazi waufahamu utaratibu huu, kwa sababu huduma ya dharura haianzii kwenye lango la hospitali. Huanza shambani, barabarani au jikoni, mikononi mwa jirani, mwendesha bodaboda au mwalimu.

Nyekundu, njano na kijani

Mgonjwa anapofika, mhudumu humkagua kwa haraka. Hutazama anavyopumua, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto la mwili na iwapo anajitambua. Hospitali nyingi huwapanga wagonjwa kwa rangi kulingana na yaliyoonekana.

Nyekundu ni ya mgonjwa anayehitaji kushughulikiwa papo hapo: aliyezimia, anayeshindwa kupumua, anayevuja damu nyingi, mwenye degedege lisilokoma, au mama mjamzito anayetokwa na damu nyingi. Njano ni ya mgonjwa ambaye hali yake ni nzito lakini anaweza kusubiri kwa muda mfupi, kama vile aliyevunjika mkono bila kuvuja damu. Kijani ni ya mwenye jeraha dogo, mafua au kikohozi cha kawaida. Huyu anaweza kusubiri kwa saa kadhaa, na pengine angehudumiwa upesi zaidi katika zahanati iliyo karibu na kwake.

Rangi hiyo inaweza kubadilika. Mgonjwa anayesubiri akianza kutapika sana, kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu, anayemsindikiza anapaswa kumwita muuguzi mara moja ili akaguliwe upya.

Aende wapi?

Nchiru iko kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, takriban kilomita 15 kutoka mji wa Meru. Wakazi wa Tigania Magharibi wana Hospitali ya Miathene, ambayo ni ya kiwango cha 4. Mjini Meru kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, ya kiwango cha 5, ambayo pia hupokea wagonjwa kutoka kaunti jirani za Isiolo na Tharaka Nithi.

Wengi hudhani kwamba kila dharura ni ya kukimbiza hadi hospitali kubwa. Hilo si sawa nyakati zote. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kuzuia damu, kutia maji mwilini, kumwinua mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka, na kumwandikia barua ya rufaa. Mgonjwa aliyetulizwa hali kabla ya safari ana nafasi bora kuliko anayesafirishwa huku damu ikimwagika.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, Oktoba 2015 Wakenya walishtushwa na habari za mwanamume aliyegongwa na gari, ambaye alikaa ndani ya ambulensi kwa takriban saa 18 akizungushwa kutoka hospitali moja hadi nyingine jijini Nairobi. Kwingine hakukuwa na kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi, na kwingine familia iliambiwa ilipe pesa kwanza. Alifariki.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika sehemu ya 7, inaeleza haki hiyo kwa mapana. Inahusu hospitali za umma na za kibinafsi. Matibabu ya dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitalini, kutuliza hali ya mgonjwa, na kupanga ahamishwe iwapo kituo hakina uwezo wa kumtibu. Kituo kinachokataa kutoa huduma hiyo ilhali kina uwezo kinatenda kosa, na kikipatikana na hatia kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3.

Haki hii haimaanishi kwamba matibabu yote ni ya bure. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliye katika hatari huhudumiwa kwanza, na mambo ya malipo hufuata. Ndiyo sababu wakazi wanahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili unaweza kufanywa kwa simu kupitia *147#. Sheria iliyounda mamlaka hiyo ilianzisha pia hazina maalum ya dharura, magonjwa sugu na hali mahututi.

Anayeamini kwamba amenyimwa huduma ya dharura anaweza kumwona msimamizi mkuu wa hospitali hiyo, au kuwasilisha malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC).

Dakika za kwanza

Yapo mambo ambayo mtu yeyote anaweza kufanya huku gari likitafutwa, na mengine ambayo huzidisha madhara.

*Damu nyingi:* Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake.

*Kuungua:* Mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

*Kuumwa na nyoka:* Mtulize mgonjwa na uzuie kiungo kilichoumwa kisitikisike. Usichanje, usinyonye sumu na usifunge kamba ya kukaza. Usiende kumwinda nyoka.

*Degedege au kifafa:* Mlaze kwa ubavu na uondoe vitu vinavyoweza kumwumiza. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.

*Sumu au dawa ya kunyunyizia mimea:* Usimlazimishe kutapika wala kunywa maziwa. Beba chupa au pakiti ya sumu hiyo hadi hospitalini.

*Ajali ya bodaboda:* Usimbebe majeruhi kwenye pikipiki akiwa amebanwa katikati ya watu wawili. Ikiwa shingo au mgongo umeumia, safari hiyo inaweza kumpoozesha. Mwache alale huku shingo ikishikiliwa isisogee, isipokuwa pale alipo pana hatari kubwa zaidi.

*Kiharusi:* Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, kumbuka saa dalili zilipoanza. Ni swali la mapema ambalo daktari atauliza.

Jiandae leo

Namba za dharura nchini ni 999 na 112. Anayepiga simu ataje mahali kwa alama inayojulikana, kama vile shule, kanisa, soko au steji, kisha aeleze kilichotokea na idadi ya walioumia.

Mgonjwa asindikizwe na mtu mmoja aliyeshuhudia tukio, si umati wa jamaa. Mtu huyo abebe kitambulisho cha mgonjwa, dawa anazotumia, na kijitabu cha kliniki ikiwa ni mtoto au mama mjamzito.

Kila boma linafaa kukubaliana mapema na jirani mwenye gari anayeweza kuamshwa saa nane usiku, na kuhifadhi namba yake kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji pia anaweza kuwasaidia wanaohitaji kujisajili na SHA kabla dharura haijatokea.