Wimbo Una Mwenyewe

Kundi la tufo lisilo na wimbo mpya halikai sana midomoni mwa watu. Kinamama wa pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wanalijua hilo vizuri. Sare wanaweza kurudia, dufu wanaweza kuazima, lakini wimbo ukiwa ni ule ule wa harusi iliyopita, wageni watanyanyuka mapema, na kesho yake kisimani na sokoni litatajwa kundi pinzani. Ndiyo maana nyuma ya kila kundi yupo mtunzi. Mara nyingi ni mwanamume mwenye daftari lake, mara nyingine ni mama aliyekuwa mchezaji hodari enzi zake. Mtunzi huyu ndiye ninayetaka kumzungumzia, kwa sababu kazi yake ni kazi kamili, yenye mafunzo, ushindani na wateja, na bado ukimuuliza anafanya kazi gani atakujibu kwamba analima au anavua.

Tufo ni ngoma ya dufu, ndugu wa maulidi. Masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema ilishika mizizi Kisiwa cha Msumbiji mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikiletwa na kiongozi wa dini kutoka Kilwa, kisha ikasambaa Nampula, Zambezia na Cabo Delgado. Leo ni ngoma ya wanawake. Kundi huwa na wachezaji 15 hadi 20 na madufu manne. Wote huimba pamoja, mara nyingi wamepiga magoti, na kinachocheza ni mabega, mikono na shingo. Nyimbo ni za Kimakua na Kimwani, Kireno kidogo, Kiarabu kwa sifa za Mtume, na kadiri unavyoukaribia Mto Ruvuma, mpakani na Tanzania, ndivyo Kiswahili kinavyozidi kusikika.

Mtunzi huanza na jambo lililotokea. Bwana harusi katoka mbali, shekhe kafariki, diwani kaahidi kisima na kisima hakionekani, wake wenza wamepatana. Jambo hilo halitajwi wazi wazi. Hufumbwa, likapewa sura ya mtumbwi, ndege au mti, na anayehusika atajijua mwenyewe. Kisha huja usiku wa mazoezi, ambao kwangu ndio utamu wa kazi yote. Kinamama wamekaa mkekani, mwenye mtoto kampakata. Mtunzi anaimba mstari mmoja, wanaurudia. Anaimba wa pili, wanakataa. Neno fulani haliketi kwenye dufu. Mmoja analivuta, mwingine anapendekeza lingine lenye silabi moja pungufu, wanalijaribu mara tatu, mtunzi anainama na kulifuta la kwanza kwenye daftari. Pembeni mpigaji amewasha moto wa makuti na anazipasha ngozi za madufu, akizigonga kwa vidole mpaka zilie anavyotaka. Siku ya shughuli yenyewe vijiti vya mti wa msiro husuguliwa juu ya jiwe lenye maji, ule uji mweupe unapakwa usoni, vitambaa vya kapulana vya rangi moja vinafungwa, na wimbo uliozaliwa mkekani unatoka hadharani ukiwa wa kundi zima.

Huko huko Cabo Delgado, ukitoka mji wa Mocímboa da Praia kuelekea kusini, upande wa Mto Messalo, unafika Mbau, moja ya posto tatu za kiutawala za wilaya ya Mocímboa da Praia. Katika wilaya hii Wamwani wa pwani wanapakana na Wamakonde, na desturi mbili za utunzi zinasikilizana kwa karibu. Kwa Wamakonde wimbo mkubwa ni wa mapiko, ngoma ya vinyago. Vijana wanapotoka likumbi, yaani jandoni, lipiko hujitokeza: mtu aliyefunikwa nguo mwili mzima, kichwani kavaa sura ya kuchonga kwa mti mwepesi, akichungulia kupitia mdomo wa sura hiyo. Mgeni humtazama mchezaji. Wenyeji husikiliza wimbo. Vikundi vya vijiji hushindana, nyimbo hufanyiwa mazoezi kwa siri porini ili wapinzani wasizisikie kabla ya siku yake, na hakimu ni watu wenyewe: wakihama kutoka kwenye duara lako kwenda la jirani, umeshindwa. Sijui jukwaa la muziki lenye hukumu kali kuliko hiyo.

Sasa tuulize mtunzi anapata nini. Mila ina jibu lake, nalo si dogo. Hula karamuni na wakubwa. Hupewa kitambaa, nauli, na kidogo kutoka kwenye mfuko wa kundi, ule unaojazwa kwa michango na kwa pesa za kutuzwa uwanjani. Akiuguliwa, kundi linakuja. Akifiwa, kundi linazika. Juu ya yote anapewa ruhusa ambayo wengine hawana. Neno ambalo mkutanoni lingezua ugomvi, kwenye wimbo linapita, na mkubwa aliyesemwa anatakiwa kucheka na kutoa tuzo. Malipo haya yalitosha pale ambapo wimbo uliishi na kufa katika vijiji vile vile vilivyomjua aliyeutunga. Kila mtu alijua wimbo huu ni wa fulani, hata kama hapakuwa na karatasi inayosema hivyo.

Kisha wimbo ukaanza kusafiri kuliko mwenyewe. Vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mahali paitwapo Chai tarehe 25 Septemba 1964, vilibeba nyimbo kwa Kimakonde na kwa Kiswahili kutoka kambi za Tanzania hadi ndani ya misitu ya Cabo Delgado. Zilitungwa na watu wenye majina, wapiganaji na wanawake wabeba mizigo, lakini ziliimbwa kama sauti ya umma, na siasa ya wakati ule ilitaka iwe hivyo. Baada ya uhuru wa 1975 likaja Tamasha la Taifa la Ngoma za Asili la 1978, na ngoma za kila mkoa zikapanda jukwaani. Lilikuwa jambo la heshima kubwa kwa watu ambao wakoloni waliziita ngoma zao ushenzi. Pamoja na heshima hiyo, hata hivyo, likaota zoea la kuutangaza kila wimbo kuwa wa asili, wa watu wote. Mpaka leo mtu akirekodi mapiko au tufo huandika jina la ngoma, jina la kijiji, na pale penye nafasi ya mtunzi huandika “wa asili”. Wimbo huenda umetungwa mwezi uliopita na kijana wa miaka 24. Naliona zoea hili kuwa ni dhuluma, hata linapofanywa kwa mapenzi.

Hata mahali ambapo utunzi umekuwa ajira ya kutegemewa, tofauti kati ya watunzi wa huko na wetu ni ndogo kuliko tunavyodhani. Nashville, jimbo la Tennessee nchini Marekani, ndio mji wa muziki wa kantri. Kule mtunzi anaweza kuishi maisha yake yote bila kupanda jukwaani. Watunzi wawili au watatu huketi chumbani asubuhi na gitaa, wakakataliana maneno kama wale kinamama wa mkekani, na mwisho wa siku huandika majina ya wote walioshiriki. Kampuni ya uchapishaji wa nyimbo humpa mtunzi posho ya kila mwezi, ikaikata baadaye kwenye mapato ya nyimbo zake. Vyama vya kukusanya mirabaha vipo tangu zamani: ASCAP kilianzishwa 1914, BMI 1939. Na redio za kawaida za Marekani zinapopiga wimbo humlipa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji halipwi kitu.

Mwimbaji wa kantri Dolly Parton, kwa mfano, aliutunga wimbo “I Will Always Love You” mwaka 1973. Elvis Presley alitaka kuuimba, na meneja wake akadai nusu ya haki za uchapishaji. Parton alikataa, akalia, akabaki na wimbo wake. Mwaka 1992 Whitney Houston aliuimba kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard, ukazunguka dunia nzima, na mamilioni ya dola yakamfikia aliyeutunga. Parton alikulia katika familia maskini ya wakulima milimani, kwenye nyumba ya watoto 12. Kilichomfikisha pale ni kipaji, ndiyo, lakini pia jina lililoandikwa mahali pake kabla wimbo haujaondoka.

Kwetu Afrika Mashariki tuna kisa cha upande wa pili. “Malaika” umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M, umepigwa kwenye harusi zisizo idadi. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kusajiliwa kama mtunzi wake, wengine wakajitokeza kusema ni wao walioutunga, na Fadhili akafariki 2001 ubishi ukiwa bado haujaisha. Ni miongoni mwa nyimbo maarufu kuliko zote za Kiswahili, na mpaka leo watu wanagombania baba yake!

Taarabu iliwahi kutuonyesha njia bora. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, alizungukwa na wenzake waliotunga pamoja naye jioni baada ya jioni huko Ng’ambo, Unguja. Mombasa, nyingi ya nyimbo za Juma Bhalo zilitoka kwa binamu yake Ahmad Nassir, malenga mwenye diwani zake, na wasikilizaji walijua nani katunga na nani kaimba. Tumbatu ilitupa Haji Gora Haji, mvuvi na mbeba mizigo ambaye mashairi yake yaliimbwa na vikundi vya taarabu. Hawa waliheshimiwa kama watunzi, jina kwa jina. Walipolipwa walilipwa kidogo, lakini hakuna aliyewafuta.

Na washairi wa Kiswahili walikuwa na dawa yao wenyewe, ya zamani kuliko sheria yoyote ya hakimiliki. Utenzi ukifika mwisho, mtungaji hujitaja: jina lake, ukoo wake, mji wake, pengine na mwaka. Nyimbo nyingi za ngoma upande huu wa Afrika nazo zina beti ambamo mwimbaji anajitangaza. Desturi hii vijana wa Mbau, Mocímboa na Palma wairudishe kwa nguvu. Siku hizi wimbo unarekodiwa kwa simu kabla vumbi la uwanja halijatulia, unarushwa kwa WhatsApp, na usiku huo huo uko Mtwara. Maelezo ya faili hupotea mara moja. Jina lililo ndani ya ubeti halipotei; atakayeuimba wimbo atamtaja mwenyewe atake asitake, na atakayelikata jina atavunja mizani.

Sheria nayo ipo. Msumbiji ilitunga Sheria Na. 4 ya hakimiliki mwaka 2001, na nyingine mpya mwaka 2022. Chama cha watunzi, SOMAS, kiko Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Mbau, na anayetunga kwa Kimakonde au Kimwani hawezi kufunga safari hiyo kwa ajili ya wimbo mmoja. Ndiyo maana naona kazi ianzie kwenye kundi lenyewe. Daftari la nyimbo liwe na tarehe, jina la aliyetunga na majina ya waliobadilisha maneno usiku wa mazoezi, maana hata yule mama aliyelikataa neno ana fungu lake. Daftari lipigwe picha, picha iwekwe kwa watu wawili watatu. Bei ya wimbo wa kuagizwa itajwe kabla mtunzi hajashika kalamu. Hapa nasema hasa na wanaoagiza nyimbo za kampeni, iwe ya chanjo, ya uchaguzi au ya mradi: wanalipia gari, vipaza sauti na fulana bila kunung’unika, wakifika kwa mtunzi wanasema atapata sifa. Alipwe kama wanavyolipwa wengine, kwa M-Pesa au e-Mola, siku ile ile.

Wapo watakaosema kwamba pesa zitaiua ngoma, na wimbo ukiwa na mwenyewe kundi litavunjika. Nauheshimu wasiwasi huo, kwa kuwa nguvu ya tufo ni umoja wa wale kinamama. Lakini makundi haya yamekuwa yakishughulika na pesa tangu yaanzishwe: michango, sare, tuzo, nauli. Yana mweka hazina na yana adhabu kwa anayekwepa. Watu wanaoweza kugawana pesa za kutuzwa bila kugombana wanaweza pia kugawana haki ya wimbo.

Jambo hili lina haraka kuliko zamani. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa na waasi, na vita vikaenea wilaya jirani. Agosti 2020 mji ukaanguka mikononi mwa waasi hao. Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yakaukomboa, kisha yakaingia Mbau. Mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado walikimbia, wakatawanyika Pemba, Metuge, Montepuez, Nampula, wengine wakavuka Ruvuma. Wapo waliorudi na wapo wanaosubiri, na mashambulizi hayajaisha kabisa. Mtu akikimbia usiku hachukui daftari la nyimbo. Anachukua watoto. Nyimbo zimebaki vichwani mwa watu walioachana njiani, na kila anayefariki ugenini anaondoka na jibu la swali la nani alitunga nini.

Kwa hiyo kama simu yako ina wimbo wa tufo au wa mapiko kutoka pwani hii, uliourekodi harusini, jandoni au kwenye kambi ya waliohama, mtafute anayemjua mtunzi wake wiki hii, uandike jina lake kwenye faili kabla hujalituma kwa mtu mwingine.